Tukatazame nyangumi wenyewe, au tufuate ziara ya meli?

Shangazi, salamu kutoka Buruburu.

Sisi ni wanawake 5, wanne walimu wastaafu na mmoja muuguzi. Chama chetu kina miaka 11. Tulianza kwa kununuliana sufuria, tukaja kwa matangi ya maji, tukasaidiana karo za watoto, na miaka 4 iliyopita tukakubaliana kwamba sasa tuweke pesa za kujifurahisha sisi wenyewe kabla magoti hayajagoma. Mimi ndimi mweka hazina.

Mwezi Juni, Mungu akipenda, tutapanda meli ya kitalii kule Seattle, Marekani, anakoishi binti wa mmoja wetu. Ni safari ya usiku 7 kwenda Alaska: Ketchikan, Juneau, Skagway, halafu jioni moja Victoria, Kanada, kisha kurudi Seattle. Meli tumeshalipa. Viza za Marekani tumepata sote, na mwenzetu mmoja amesoma kwamba siku hizi Mkenya mwenye viza ya Marekani hahitaji viza ya Kanada, kwa hiyo hapo tumepumua.

Tumekwama kwenye nyangumi. Mmoja wetu alifundisha sayansi miaka 30, kila mwaka akichora nyangumi ubaoni na kuwaambia watoto kwamba huyu si samaki, ni mnyama anayenyonyesha. Hajawahi kumwona hata mmoja. Safari hii, ukweli ni kwamba tulianza kuiwaza kwa ajili yake.

Meli inauza ziara ya kutazama nyangumi pale Juneau kwa dola 239 kila mtu. Binti wa mwenzetu ametutafutia boti ya watu binafsi, ya abiria 6 tu, kwa dola 179. Wana nafasi saa 6 mchana na saa 9 alasiri, na ya saa 9 wanatupunguzia dola 20 zaidi. Ukijumlisha, tunaokoa dola 400, zaidi ya KSh 51,000. Ziara ni saa 4 kuanzia kuchukuliwa bandarini hadi kurudishwa. Meli inafika Juneau saa 5 asubuhi na kuondoka saa 2 usiku, na abiria wote wawe ndani saa 1 na nusu jioni. Mimi ndiye niliyependekeza ile ya saa 9, ili tutembee mjini kwanza na kula bila haraka.

Watatu tunataka boti. Wawili wanasema meli itatuacha. Muuguzi wetu ameapa kwamba haendi popote bila ziara ya meli. Kikao cha Jumapili sauti zilipanda, mmoja akasema mbele ya wote kwamba tukiachwa Alaska, mweka hazina ndiye atakayetukatia tiketi za ndege. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Halafu kwenye kikundi chetu cha WhatsApp niliandika "boti ya kwanza ni saa 12", nikinakili ujumbe wa wenye boti. Mwenzangu akajibu kwamba saa kumi na mbili asubuhi tutakuwa bado baharini. Nikaona kumbe hata saa hatuelewani.

Nishauri, Shangazi. Tufuate meli au twende wenyewe?

Mweka Hazina, Buruburu

---

Mwalimu,

Pole kwa maneno ya Jumapili. Umeshika pesa za wenzako miaka 11 na hakuna aliyekudai hata senti, kisha unaambiwa hivyo mbele ya watu. Nitayarudia hayo. Kwanza lakini niruhusu nianze pale ambapo hukuniuliza, maana nimesoma barua yako mara 3 na kila nikifika kwenye neno Victoria moyo unanidunda.

Mwenzenu alisoma juu juu, hakumaliza. Juni 2023 Kanada iliongeza nchi ambazo raia wake wenye viza halali ya Marekani wanaweza kuomba kibali cha mtandaoni cha kuingia Kanada badala ya viza kamili, lakini Kenya haikuwamo. Tena kibali hicho ni cha anayefika kwa ndege. Anayefika kwa barabara au kwa bahari anahitaji viza ya kawaida ya mgeni. Ninyi mnafika Victoria kwa meli. Na msije mkasema kwamba jioni hiyo hamtashuka, mtabaki ndani mkinywa chai. Karatasi zenu zitakaguliwa Seattle kabla hamjapanda, na abiria ambaye hazijatimia anaweza kuzuiwa pale pale gatini, na nauli imeshalipwa.

Kituo hicho cha Victoria hakiwezi kurukwa. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa nje ya Marekani, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 haiziruhusu kuwachukua abiria bandari za Marekani peke yake bila kugusa bandari ya nchi nyingine. Ndiyo maana meli zinazotoka Seattle kwenda Alaska hupitia Kanada, hata kama ni kwa saa chache za usiku. Kwa hiyo wiki hii, kabla hujamjibu mwenye boti yeyote, iandikie kampuni ya meli, uwaambie ni pasipoti 5 za Kenya, uulize wanataka nini kwa ajili ya Victoria, na jibu lije kwa maandishi. Ombeni viza ya Kanada mapema. Alama za vidole zinachukuliwa hapa hapa Nairobi, lakini majibu huchukua muda wake. Angalia pia kwamba viza zenu za Marekani ni za kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu mtatoka Marekani na kurudi.

Sasa twende kwa nyangumi.

Kabla ya safu hii nilifanya kazi Mombasa na kampuni ya kitalii. Meli zikifunga gati Kilindini alfajiri, tulikuwa tunawachukua abiria, tunawapeleka Tsavo Mashariki, na kuwarudisha jioni. Yaani yale mnayotaka kufanya Juneau, mimi nimeyafanya kutoka upande wa pili. Siku moja basi letu lilinaswa Mariakani nyuma ya lori lililolala katikati ya barabara. Tulichelewa dakika 40 na meli ilitungoja, kwa sababu ziara ile iliuzwa na meli yenyewe na kila dakika 5 nilikuwa nawapigia simu. Msimu huo huo, familia ya watu 4 iliyojitafutia teksi ilichelewa kwa muda mfupi kuliko sisi. Nilikuwa nimesimama gatini ngazi ikivutwa. Walipofika, wakala wa meli aliwapa bahasha ya kaki. Ndani yake zilikuwa pasipoti zao 4, zilizotolewa kwenye kasha la chumba chao kabla meli haijang'oa nanga. Mama wa ile familia aliishika bahasha kwa mikono miwili na hakuifungua kwa muda mrefu.

Kwa hiyo wenzako wawili hawajaota. Meli hungoja kundi lake. Anayekwenda kivyake haingojwi. Na wale wa Mombasa walikuwa na barabara, reli na ndege za kuondokea. Juneau, ingawa ndiyo mji mkuu wa jimbo la Alaska, haina barabara hata moja inayouunganisha na mji mwingine. Milima na barafu viko nyuma yake, bahari iko mbele. Mkiachwa, njia ni ndege ndogo au kivuko hadi Skagway, mkipata nafasi na hali ya hewa ikikubali, kwa pesa zenu.

Pamoja na hayo, nakwambia nendeni na boti. Ila iwe ya saa 6 mchana.

Hesabu ni hii. Mkiondoka saa 6 mtarudishwa saa 10 jioni. Mlango wa meli unafungwa saa 1 na nusu. Mna saa 3 na nusu mkononi. Gari likitoboka, nahodha akichelewa kwa sababu nyangumi mmoja amekataa kuondoka, mmoja wenu akijisikia vibaya, bado mko salama. Ile uliyoipendekeza wewe ya saa 9 inawarudisha saa 1 jioni, na inawaachia nusu saa. Nusu saa, Mwalimu, kwa wanawake 5 ambao magoti yanakaribia kugoma, katika mji wa ugenini! Boti huondokea Auke Bay, kama kilomita 20 kutoka pale meli zinapofunga, na kutoka katikati ya mji barabara kuu ni moja tu. Gari mbili zikigongana hapo hakuna njia ya panya kama ya kukwepa Jogoo Road. Punguzo la dola 20 ni bei ya kununua wasiwasi. Likatae.

Kutembea mjini hamtakukosa. Mkirudi saa 10 jioni mji uko pale pale mbele ya meli. Mkiwa mnakaa gatini, mnatazama duka moja moja, mnakunywa chai, meli iko mbele ya macho yenu. Msichelewe mkiwa mbali. Chelewa ukiwa karibu.

Nami nakuunga mkono kuhusu boti ndogo kwa sababu nyingine kabisa, na wala si zile dola 60. Kwenye boti kubwa la watu 100 na zaidi, nyangumi akitokea upande wa kushoto, watu wote wanakimbilia kushoto, na wewe unaona mabega. Kwenye boti la watu 6 kila mtu ana dirisha lake, na mwalimu wa sayansi anaweza kumuuliza nahodha maswali yake yote aliyoyaweka miaka 30. Waulizeni wenye boti mambo haya kabla hamjalipa: nahodha ana leseni ya Walinzi wa Pwani wa Marekani? Boti lina choo? (Usione haya kuuliza. Umri wetu unajua.) Kuna paa na viti vya ndani? Meli ikichelewa kufika au ikighairi kutia nanga Juneau kwa sababu ya hali ya hewa, pesa zinarudi zote? Na wanajua meli yenu kwa jina na muda wake wa kuondoka? Mwenye kazi yake atakujibu yote haya siku hiyo hiyo, maana Juneau nzima kiangazi inaishi kwa ratiba za meli. Akizungukazunguka, tafuta mwingine. Lipeni kwa kadi ya benki, msimtumie mtu binafsi pesa taslimu.

Kuna pia mpango wa hiari unaoitwa Whale SENSE, ambao wenye boti hujiunga nao na kukubali kutowasumbua nyangumi. Uliza kama wamo. Sheria ya Marekani kwa maji ya Alaska tangu 2001 inakataza chombo kumkaribia nyangumi wa nundu chini ya yadi 100, kama mita 91. Nahodha anayewaahidi kuwapeleka hadi mumguse, huyo hamumtaki.

Na saa. Ulifanya vizuri kuniambia habari ya ile "saa 12", kwa sababu hapo ndipo watu wetu hupotea. Wazungu wanaandika 12 mchana, sisi tunasoma saa kumi na mbili. Andika kwa Kiswahili kitupu kwenye kikundi: boti ni saa sita mchana, adhuhuri, mlango wa meli unafungwa saa moja na nusu jioni. Futa ule ujumbe wa kwanza usije ukasomwa tena. Alaska iko nyuma ya Seattle kwa saa moja, na kwa kawaida meli hutangaza siku ya kurudisha saa nyuma. Simu inaweza kubadilika yenyewe au ikakataa, inategemea imeshika mtandao gani. Nendeni na saa ya mkono, hata ile ya bei rahisi ya River Road, muilinganishe na saa ya mlangoni pa meli mnaposhuka. Mmoja wenu aivae na kazi yake iwe hiyo.

Jambo ambalo sisi wa ikweta hatulifikirii ni jua. Nairobi tunajua giza likianza ni saa 1 jioni, mtu anafunga kibanda bila kutazama saa. Juneau mwezi Juni jua linazama mnamo saa 4 usiku. Mtakuwa mmesimama mjini kweupe kabisa, mnahisi ni saa 9 alasiri, kumbe ngazi inavutwa. Msilisikilize jua la huko.

Mavazi nitayapita haraka: fikirieni Limuru mwezi Julai, kisha ongezeni mvua na upepo wa bahari. Mwamvuli hautafaa kwenye boti. Nendeni Gikomba mtafute koti la mvua lenye kofia, sweta la sufu la kuvaa ndani, na glavu. Kuhusu kichefuchefu, maji ya kule yamekingwa na visiwa, hayachafuki kama bahari kuu, lakini anayetapika kwenye matatu ya Nakuru ameze kidonge chake kabla hajapanda, si baada ya kuanza kusikia vibaya. Muuguzi wenu atasema kipi kinafaa kwa wenye dawa za presha.

Pasipoti mzibebe wenyewe, kwenye mfuko usiopitisha maji, chini ya koti. Na ile karatasi ya ratiba ambayo meli hugawa kila siku, tafuteni namba ya wakala wa bandari ilipoandikwa, kila mmoja aiweke mfukoni. Nimekwambia habari ya ile bahasha ili yenu isiwepo.

Mwambie mwalimu wa sayansi haya kutoka kwangu. Nyangumi wa nundu nimewaona Watamu, mwezi Agosti. Wale wetu wanapanda kutoka bahari ya Antaktika kuja kujamiiana na kuzaa kwenye maji ya joto. Wa Juneau ni wengine, wengi wao wanazaa Hawaii na kuogelea maelfu ya kilomita hadi Alaska, na wanakuja huko kula. Kwa hiyo atawaona wakiwa kazini. Hupiga mbizi kuwafuata dagaa wa baridi na vikamba vidogo sana, na mara chache, mkibahatika, kundi zima huzunguka chini likitoa mapovu hadi samaki wamefungwa kama ndani ya wavu, kisha wote wanaibuka pamoja midomo wazi. Hilo msiliweke kwenye matarajio. La uhakika zaidi ni pumzi. Nahodha anazima injini, kunakuwa kimya, halafu unasikia sauti kama breki za upepo za lori likisimama, na mvuke unapanda juu ya maji. Harufu yake ni ya samaki. Baadaye mgongo unajikunja na mkia unainuka. Hapo mwalimu atazame upande wa chini wa mkia: yale madoa meupe na meusi hayafanani kwa nyangumi wawili, na watafiti huwatambua kwa hayo kama sisi tunavyotambuliwa kwa vidole. Mnyama mwenyewe anafika mita 15, na uzito wa tani 30 ni wa kawaida kwake, kama ndovu 5 au 6 wa pale Amboseli wakiwa kwenye mizani moja.

Narudi kwa chama. Muuguzi wenu asilazimishwe. Anunue ziara ya meli kwa dola zake 239 aende kwa amani, na yule mwingine akitaka kumfuata amfuate. Mkishakwenda kwa makundi mawili bado mnakutana mezani usiku huo huo na kila mtu ana nyangumi wake wa kusimulia. Lakini uliza kwanza kama bei ya boti inabaki hiyo hiyo mkiwa watatu, maana mwenye boti ndogo anaweza kutaka viti vyote vijae.

Na hili la kukatiwa tiketi za ndege, lisiishie hewani. Kikao kijacho lisome wazi: ziara ya boti ni uamuzi wa kila anayeipanda, mweka hazina anakusanya na kulipa tu, na gharama ya kuachwa ni ya kila mtu mwenyewe. Liandikwe kwenye kumbukumbu na watu waweke sahihi, kama mnavyofanya mtu akikopa. Kisha kiri mbele yao kwamba saa 9 lilikuwa pendekezo lako na umeliondoa. Yule aliyekusema, nadhani ana hofu kuliko hasira. Mpigie simu kabla ya Jumapili, msingojee kikao.

Jibu la Kanada likija, niandikie. Na mkirudi, niambie mwalimu alisema nini ule mkia ulipoinuka.

Shangazi